Nikifunga mlango nisome Biblia, nyumba nzima huuliza nina nini

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, Mwanglikana, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa na kukulia Unguja, na mwaka jana mume wangu alihamishiwa Chake Chake kikazi, tukaja Pemba sote. Tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Mkubwa mmoja, mjane, Muislamu, anayeishi humo na binti zake wawili na wajukuu zake. Uani tunachangia, mfereji tunachangia, na jioni sote hukaa pamoja ukumbini. Siwasemi vibaya hata kidogo. Nilipougua homa, wao ndio waliowapikia watoto wangu na kuwapeleka skuli.

Kwaresima iliyopita padri alitufundisha juu ya kukaa faragha na Mungu na kusoma Biblia kila siku, akatugawia kalenda ya kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Mafundisho yale yaliniingia, kwa kuwa tangu mama yangu alipofariki nimekuwa nikisali kwa mazoea tu, midomo inakwenda na moyo uko kwengine. Nikaamua kuwa baada ya chakula cha mchana, wadogo wakishalala, nitafunga mlango wa chumba nikae na Mungu.

Haikupita wiki, Bi Mkubwa akagonga mlango akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza ni nani aliyeniudhi. Binti zake wakaulizana kama nimegombana na mume wangu. Baadaye nikasikia kwa mtu wa tatu kwamba huko mtaani wanasema mke wa bwana yule anajiona, hataki kukaa na watu. Mimi nilijibu tu kuwa ninapumzika. Niliogopa kusema kuwa ninasoma Biblia, wasije wakadhani ninajitenga nao kwa ajili ya dini, au kwamba nimekuja Pemba kuhubiri. Tena Bwana wetu mwenyewe amesema katika Mathayo 6:6 kwamba tuingie chumba cha ndani na kusali sirini.

Kwa hiyo nikahamia usiku. Watu wakishalala, nilikuwa nikitoka hadi banda la jiko uani na kusoma Biblia iliyo kwenye simu. Usiku mmoja mume wangu aliamka, hakuniona, akanikuta huko. Alikasirika sana. Aliniuliza ni mke gani anayetoka uani usiku wa manane na simu mkononi kisha akasema anasoma Biblia. Tangu siku hiyo tunazungumza, lakini si kama zamani.

Na usomaji wenyewe umenishinda. Nilipofika Mambo ya Walawi nilikwama, sura zikanilimbikia, na kila nikikaa ninasoma mbio ili niifikie kalenda, asubuhi nikiamka sikumbuki hata neno moja. Mzee mmoja wa kanisa letu aliposikia habari zangu alisema faragha ni ya watawa, mama wa nyumba mahali pake ni pamoja na watu, akanisomea Waebrania 10:25.

Liko jambo jengine ambalo ni zito kulisema. Nikikaa kimya, ugonjwa wa mama unanirudia wote: kitanda cha hospitali, miguu yake iliyovimba, maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Ninalia mpaka ninashindwa kusali. Je, hii ni dalili kwamba ninakosea? Na mtoto wangu wa kati, binti wa miaka 7, popote nikijificha hunitafuta mpaka anione. Nifanyeje, Mama, au niache?

Mama wa Chake Chake


JIBU

Marahaba mwanangu, na asifiwe milele, amina.

Barua yako imebeba mengi, nami nitaanza na mumeo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja na hili haliwezi. Kabla hujaifungua Biblia tena, kaa naye umweleze yote uliyoniandikia mimi: mafundisho ya padri, kalenda, kilio cha mama yako, na sababu iliyokutoa uani usiku. Usimweleze kwa kujitetea. Mwanamume anayeamka usiku wa manane akakikuta kitanda kitupu, kisha akamwona mkewe gizani ameinamia simu, hahitaji kuwa na roho mbaya ili ashtuke. Soma naye 1 Wakorintho 7:5, pale Paulo anapowaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda, “ili mpate faragha kwa kusali.” Habari yenyewe pale ni ya unyumba, lakini msingi anaouweka mtume unafika mpaka kwenye banda lako la jiko: katika ndoa, hata faragha ya kumwendea Mungu hutanguliwa na mapatano. Muulize mumeo ni saa ngapi anaweza kukushikia watoto. Nina hakika kwamba swali hilo litamtuliza kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa litamwonesha kuwa unataka awe mlinzi wa faragha yako na si mtu wa kufichwa.

Hapo ndipo ninapokiona kiini cha shida yako. Kutaka faragha ni jema, tena umelitaka kwa moyo safi. Lakini katika nyumba ya watu wengi faragha huombwa. Ukiichukua kimyakimya, watu wataijazia maana wao wenyewe. Kwetu visiwani chumba kinachofungwa mchana, na mwenyewe yumo ndani, humaanisha mgonjwa, au ugomvi, au msiba ambao bado haujatangazwa. Bi Mkubwa aliyekuja na chai ya tangawizi alikuwa akitimiza haki ya jirani, nawe ulimjibu kuwa unapumzika, siku baada ya siku, mpaka mtaa ukatafuta maelezo mengine.

Najua umejikinga na Mathayo 6:6. Rudi nyuma aya moja. Katika aya ya 5 Bwana Yesu anawakemea wanaopenda kusali wakiwa wamesimama katika masinagogi na pembeni mwa njia ili waonekane na watu, na chumba cha ndani ndiyo dawa anayoitoa kwa ugonjwa huo wa kutaka kuonekana. Ugonjwa wako si huo, wewe unaogopa kuonekana. Aya ile haimwamuru mke amfiche mumewe, wala mpangaji amwache mwenye nyumba wake akiwa na wasiwasi moyoni kwa miezi. Danieli alifungua madirisha ya chumba chake kuelekea Yerusalemu akapiga magoti mara tatu kila siku, na waliomzunguka walijua vyema alichokuwa akifanya.

Kwa hiyo mwendee Bi Mkubwa. Mwambie kwa ufupi na kwa adabu, akiwa ametulia: “Bi Mkubwa, mimi kila siku nina wakati wangu mdogo wa kusali na kusoma kitabu cha dini yangu. Ukiona nimefunga mlango saa hiyo, si maradhi wala si ugomvi. Nikimaliza ninatoka.” Basi, imetosha. Kumwambia jirani kwamba unasali si kumhubiria. Nami ninakuhakikishia kwamba utaeleweka upesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa huyo unayemwogopa ana msala wake na msahafu wake, na anajua maana ya kumwachia mtu nafasi akiwa mbele ya Mola wake. Katika kumi la mwisho la Ramadhani wapo majirani zako wanaokaa itikafu msikitini, wakiacha nyumba na shughuli zao kwa ajili ya ibada, wala hakuna anayesema kuwa wanajiona. Imani yenu si moja, na sikuombi ujifanye kana kwamba ni moja. Ninalokuambia ni kuwa heshima kwa mtu aliyejitenga ili kusali imo tayari katika nyumba unayoishi. Umekuwa ukijificha kwa watu ambao wangekulinda.

Sasa yule mzee wa kanisa. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja, na neno hilo ni la kweli. Hata hivyo wewe hukuacha kukusanyika. Kanisani unakwenda, ukumbini unakaa. Kama faragha ingekuwa ya watawa peke yao, tungesema nini juu ya Bwana mwenyewe? Marko 1:35 inasema: “Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko.” Tazama jana yake ilikuwaje: Kapernaumu nzima ilikuwa imekusanyika mlangoni baada ya jua kuchwa, wagonjwa wa kila namna, na yeye aliwaponya wengi. Mtu aliyefanya kazi hadi usiku namna ile aliamka kabla ya kupambazuka ili awe peke yake na Baba yake. Kisha Simoni na wenziwe wakamfuata, na walipomwona wakamwambia, “Watu wote wanakutafuta.” Ninaipenda aya hiyo kwa ajili ya akina mama, maana hakuna mama asiyeijua sauti hiyo. Bwana hakuwakemea waliomfuata. Aliondoka pamoja nao kwenda vijiji vya karibu, akijua wapi pa kwenda na kwa nini. Faragha yake ndiyo iliyomrudisha kwa watu. Luka 5:16 nayo inatuonesha kuwa lile halikuwa jambo la siku moja, ilikuwa desturi yake kujiepua na kuomba.

Soma pia Marko 6, kuanzia aya ya 30. Mitume wamerudi kutoka kazini, na watu wanaokuja na kwenda ni wengi hata hawapati nafasi ya kula. Yesu anawaita waende faragha wakapumzike kidogo. Wanapanda chombo, wanavuka, na wanapofika wanakuta umati umeshatangulia kwa miguu. Faragha yote ikavunjika kabla haijaanza! Naye akawahurumia, akaanza kuwafundisha, na mkate ukamegwa kwa watu elfu tano. Jioni, baada ya kuwaaga watu, akapanda mlimani peke yake kuomba. Siku mtoto atakapoamka na homa, au mgeni atakapopiga hodi mapema, ikumbuke sura hiyo. Mpokee aliyekuja, kisha utafute saa nyingine siku hiyo hiyo hata ikiwa ya dakika chache.

Nami nisingependa mtu akuambie kuwa kukaa kimya mbele za Mungu ni mgeni katika kisiwa unachoishi. Mwaka 1897, mwaka ule ule sheria ya Zanzibar ilipoacha kuutambua utumwa, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki kutoka Uingereza walifika Pemba, wakaweka kituo chao Banani, si mbali na hapo Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira katika mashamba ya karafuu. Ibada ya asili ya Marafiki ni kukaa pamoja kimya, bila padri na bila nyimbo, wakimngojea Mungu, mpaka mmoja wao asukumwe kusema neno au wote waondoke bila kusema. Wewe ni Mwanglikana, una sala zako zilizoandikwa na masomo yako ya siku, wala huna haja ya kuziacha. Lakini iwapo mzee wako atasema tena kwamba kimya ni cha nyumba za watawa, mkumbushe wakulima na mafundi hao, waliokuwa na wake na watoto.

Kuhusu saa, ninakushauri uuhame usiku moja kwa moja, na mchana pia. Chukua alfajiri. Adhana ya Alfajiri ikishaadhiniwa mji mzima uko macho, Bi Mkubwa yuko kwenye msala wake, na hakuna atakayeuliza kwa nini na wewe umeamka. Watoto bado wamelala na moto haujawashwa. Robo saa inakutosha kwa kuanzia. Kama mna kiti kidogo au kibao cha mbuzi kisichotumika saa hiyo, kiweke kwenye pembe moja ya chumba, uso ukutani, na pembe hiyo iwe yako. Jifunike kanga kichwani, si kwa sharti la dini, bali ili walio nyumbani wajue. Husimuliwa habari za Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama wa John na Charles Wesley, aliyezaa watoto 19 na kuzika wengi wao, kwamba alipokosa chumba cha kusalia alijifunika aproni yake usoni, na watoto wakajua kwamba mama yuko na Mungu, asisumbuliwe. Hakuwa na mlango wa kufunga, lakini nyumba yake ilikuwa imeambiwa.

Simu iache chumba kingine. Sikatai kwamba Biblia iliyo ndani yake ni Biblia. Lakini ujumbe wa kikundi cha skuli utaingia ukiwa katikati ya Zaburi, nawe utaufungua, kama ambavyo sisi sote huufungua. Tumia kitabu. Kama kilicho nyumbani ni tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 na baadhi ya maneno yake yanakuwia magumu, weka kando yake Biblia ya Habari Njema uyalinganishe. Nakusihi hata hivyo usiiache ile ya zamani, kwa kuwa ina sauti ya nyumbani kwako: Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye wakati wake ndipo lilipojengwa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alitumia miaka mingi kulitia Neno katika Kiswahili cha Unguja akisaidiwa na wenyeji wa lugha, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Wafasiri wa Muungano waliijenga kazi yao juu ya hiyo na juu ya ile ya Mombasa.

Sasa kalenda. Biblia ina sura 1,189, ukiacha vile vitabu vya Deuterokanoni ambavyo baadhi ya makanisa huviongeza, na anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja hana budi kusoma zaidi ya sura tatu kila siku bila kukosa hata siku moja. Kwa mtu mwenye watoto watatu, ambaye hajawahi kusoma kwa mfululizo, huo ni mzigo mkubwa, na padri wako, nina hakika, aliitoa kalenda ili iwasaidie watu na si kuwahukumu. Iweke kando kwa sasa. Usijaribu kulipa sura ulizoziruka, hakuna anayekudai. Anza Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu, na usome kisa kimoja kwa siku, kile kinachoishia pale kichwa kidogo cha habari kinachofuata kinapoanzia. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza ujue kilichotokea. Mara ya pili ukisome kwa sauti ya chini, midomo ikisikika masikioni mwako, kama alivyosoma yule Mkushi wa Matendo 8 garini hata Filipo akamsikia na kumwuliza, “Je! Yamekuelea haya unayosoma?” Macho hukimbia, lakini ulimi hauwezi kukimbia hivyo. Umewaona majirani zako wakikaa usiku kuchambua karafuu, wakizitenga na makonyo moja moja kwa vidole, wala hakuna anayepata njia ya mkato, soma hivyo. Neno moja likikushika, simama hapo hapo, usiende mbele. Likae mdomoni. Kisha mwambie Mungu kuhusu neno hilo kwa maneno yako mwenyewe, uwe unashukuru, unauliza au unalalamika, na mwisho unyamaze kidogo bila kuomba kitu. Hiyo ndiyo njia ambayo watawa wa zamani waliifuata, kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia, na inafaa sana kwa mama wa nyumba.

Ukimaliza Marko, chukua Zaburi ya 119. Wengi huiogopa kwa urefu wake wa aya 176, lakini imegawanyika katika mafungu 22 ya aya nane nane, kwa kufuata herufi za Kiebrania, kwa hiyo fungu moja kwa siku litakupeleka wiki tatu na siku moja. Yote inahusu mtu anayelipenda Neno la Mungu na bado anateseka, analia, anapotea njia na kutafutwa. Halafu Luka, kisha Matendo.

Mambo ya Walawi utairudia, na ninataka uirudie. Ukiirudia usianze mwanzo. Anza sura ya 19, ambamo utalikuta agizo la kumwachia maskini masazo ya mavuno pembeni mwa shamba, agizo la kutolaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi, na lile la kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ambalo wengi wanadhani limeanzia katika Injili. Baadaye soma sura ya 16 pamoja na Waebrania 9, na ikikushinda, muulize padri. Mkushi alipoulizwa kama ameelewa, alijibu kwamba hawezi mtu asipomwongoza, kisha akampandisha Filipo garini akae naye. Anayesoma peke yake naye anahitaji mtu wa kumwuliza. Tafuta mama mmoja kanisani, mkutane baada ya ibada ya Jumapili, kila mmoja amwambie mwenzake neno moja lililomshika wiki hiyo. Neno moja, wala msifanye mkutano.

Nimefika kwenye lile zito, mwanangu, na ninakuomba ulisome hili polepole. Hukosei. Kilio kinachokujia ukikaa kimya hakikuletwa na kimya. Kilikuwamo siku zote, ila kazi za nyumba na mazungumzo vilikuwa vimekifunika. Umeniandikia kwamba unalia mpaka unashindwa kusali. Mimi nasema kulia huko mbele za Mungu ndiko kusali kwako kwa sasa. Kitabu cha Zaburi kimejaa machozi kuliko tunavyowaambia watu kanisani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mtu hata lini. Zaburi ya 88 inaanza katika taabu na kuishia gizani, haina hata aya ya kufariji mwishoni, na bado kanisa limeihifadhi na kuisali kwa vizazi vyote. Zisome hizo mbili kwa sauti siku mama yako atakapokurudia. Yale ambayo hukuwahi kumwambia, mwambie Mungu, moja baada ya jingine, au yaandike kwenye daftari linalokaa ndani ya Biblia yako.

Ila nina jambo la kukuonya. Mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikwenda jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumwanzia na maono. Alimlaza usingizi, malaika akamwamsha akamlisha mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili, na baada ya safari ndefu ndipo akaisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Mtu aliyechoka na mwenye huzuni hatakiwi kukesha. Wewe umekuwa ukijinyima usingizi ili usome, na usiku wa manane huzuni huwa kubwa mara mbili. Lala. Na endapo utaona usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au wazo la kutotaka kuishi limekujia hata mara moja, usilifanye kuwa jambo la faragha. Mwambie mumeo siku hiyo hiyo, nenda hospitali umweleze daktari waziwazi, na umwite padri. Hilo halipunguzi imani ya mtu.

Binti yako wa miaka 7 mruhusu. Hakutafuti kwa utundu. Huenda ameuona uso wako ukirudi uani na macho mekundu. Mwambie kwamba saa hiyo anaweza kuja kukaa kando yako kwa sharti moja, kwamba hatasema mpaka uondoe kanga kichwani. Siku za mwanzo ataondoka baada ya muda mfupi. Akidumu, msomee Zaburi ya 23 kwa sauti na yeye aifuatishe aya kwa aya, maana wapo watu wengi wazima wanaoijua kwa moyo kwa sababu tu walikaa karibu na mama au bibi aliyekuwa akiisoma.

Na msimu wa karafuu ukifika, nyumba ikajaa magunia na majamvi na kila mwenye mikono akahitajika uani hadi usiku, usishindane nao ukidai saa yako. Alfajiri hiyo chukua aya moja tu, uishike mpaka uijue kwa moyo, kisha ukae nao uchambue. Hutakosa kimya hapo pia, kwa kuwa vidole vikishazoea kazi, moyo hubaki na nafasi yake. Salamu zangu kwa mumeo na kwa Bi Mkubwa, na uniandikie baada ya kuzungumza nao wote wawili.

Mama Mshauri